KITANA NA WINGU: NGUVU ILIYO MOJA

Leo twapenda kuzungumza nanyi habari za nguvu moja ikaayo mahali pawili. Mahali pa kwanza ni kitana tunachochania nywele asubuhi. Mahali pa pili ni wingu jeusi la mvua. Mtu akiielewa nguvu iliyo katika kitana, hatashindwa kuielewa ile iliyo winguni, na kuielewa hiyo ya pili kwaweza kumwokoa yeye na watu wa nyumbani mwake.

Basi tuanze kwa kutenda. Twaa kitana kikavu cha plastiki, uchanie nywele kavu zisizo na mafuta mara 20 hivi. Kama nywele ni fupi mno, kisugue kwa kitambaa kikavu cha sufu. Kisha kisogeze karibu na vipande vya karatasi vidogo kama punje za mchele, wala usiviguse. Mara vitaruka na kukishika kitana. Fanya hivi siku za kiangazi, kwa sababu siku za masika hewa ina unyevu mwingi, na unyevu huiondoa nguvu hiyo upesi.

Jambo hili limejulikana tangu zamani. Wayunani wa kale walijua kwamba kaharabu, yaani utomvu wa miti uliogeuka kuwa kama jiwe, ikisuguliwa huvuta makapi. Neno letu kaharabu asili yake ni Kiajemi, na maana yake ni chenye kunyakua makapi. Na Waarabu huuita umeme kwa neno hilo hilo. Wayunani waliiita kaharabu elektron, ndipo lilipotoka jina elektroni tutakalolitumia sasa hivi. Na katika Kiswahili, umeme lilikuwa jina la mwanga umulikao mawinguni, kabla nyaya na taa hazijafika huku kwetu. Tutaona kwamba jina hilo halikukosea.

Je, nguvu hii yatoka wapi? Kila kitu kimefanywa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu. Ndani ya kila atomu mna chaji za namna mbili: chaji chanya, ambayo imo katika kiini, na chaji hasi, ambayo huchukuliwa na elektroni zilizokizunguka kiini hicho. Kwa kawaida chanya na hasi huwa sawasawa, kama makundi mawili yavutayo kamba kwa nguvu moja, hata isiende huku wala huku. Lakini kitana kikisuguliwa, baadhi ya elektroni huziacha nywele na kuhamia katika kitana. Kitana kina ziada, kimekuwa hasi. Nywele zina upungufu, zimekuwa chanya. Hakuna kitu kipya kilichoumbwa. Ni mali iliyotoka mfuko huu ikaingia mfuko ule. Na kwa kuwa plastiki haipitishi elektroni kama shaba ipitishavyo, zile zilizohamia hukaa pale pale. Ndiyo maana twauita umeme tuli.

Mwaka 1733 Mfaransa Charles du Fay alionyesha kwamba chaji ni za namna mbili. Nanyi mwaweza kuliona jambo lake. Kata vipande viwili virefu vya nailoni nyembamba, uvishike pamoja kwa juu, na kwa vidole vikavu vya mkono wa pili uvivute kwenda chini mara kadhaa. Vipande havitalala pamoja tena, bali vitaachana, kwa maana vyote viwili vina chaji ya namna moja. Tia mkono wako katikati, navyo vitaufuata. Kanuni ndiyo hii: chaji za namna moja hukimbiana, na chaji za namna mbili huvutana.

Mwaka 1785 Mfaransa mwingine, Charles-Augustin de Coulomb, alipima nguvu hiyo. Aliona kwamba umbali ukiongezwa mara 2, nguvu hupungua hata kuwa sehemu moja tu katika 4. Umbali ukiongezwa mara 3, hubaki sehemu moja katika 9. Aliye karibu huvutwa sana. Aliye mbali huvutwa kidogo mno.

Hapo mwanafunzi mwenye akili atauliza: kitana kilisuguliwa, lakini karatasi haikusuguliwa, mbona nayo yavutwa? Swali hili ndilo ufunguo wa mazungumzo yetu. Kitana chenye chaji hasi kikikaribia, elektroni za karatasi husukumwa nyuma kidogo. Upande wa karatasi ulio karibu na kitana huwa chanya, na upande ulio mbali huwa hasi. Ule wa karibu huvutwa, ule wa mbali husukumwa; na kwa kanuni ya Coulomb, kilicho karibu hushinda. Kwa hiyo karatasi huruka.

Sasa tuinue macho tutazame wingu. Ndani ya wingu kubwa la mvua hewa hupanda kwa nguvu nyingi, na huko juu kuna baridi ya kugandisha maji. Chembe za barafu na punje za mvua ya mawe hugongana huko pasipo kukoma, na katika kugongana huko chaji huhama. Sehemu ya chini ya wingu kwa kawaida huwa hasi, na sehemu ya juu huwa chanya. Basi wingu ndilo kitana, na ardhi iliyo chini yake ndiyo karatasi: elektroni za ardhi husukumwa mbali, na uso wa nchi huwa chanya. Mvutano ukizidi, hewa hushindwa kuuzuia, na chaji hupita kwa ghafula. Hiyo ndiyo radi. Njia yake hupata joto la nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi, na hewa iliyopanuka kwa joto hilo ndiyo itoayo ngurumo.

Mwaka 1752 Benjamin Franklin wa Marekani alirusha tiara wakati wa tufani, akapata cheche kama zile za vitu vilivyosuguliwa. Mtu asijaribu kumwiga. Mwaka 1753 Georg Richmann, mtaalamu wa mjini St Petersburg, aliuawa na radi alipokuwa akiupima umeme wa mbinguni.

Nchi zetu za Maziwa Makuu zina radi nyingi kupita sehemu nyingi za dunia. Huko Kabare, karibu na Ziwa Kivu, wapimaji walihesabu mimweko 205 kwa mwaka katika kila kilometa moja ya mraba. Na mwezi wa Juni mwaka 2011, katika Wilaya ya Kiryandongo nchini Uganda, radi iliua wanafunzi zaidi ya 15 wakiwa shuleni. Habari hiyo yatupasa kuikumbuka sisi sote tulio na watoto wa watu mikononi mwetu.

Basi tufanyeje? Sauti huchukua sekunde 3 hivi kwenda kilometa moja. Ukiona mwanga, hesabu. Ngurumo ikifika kabla ya 30, radi i karibu, nawe uingie katika jengo kubwa imara au gari lenye bodi ya chuma, lililofungwa madirisha. Kaa humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Usijikinge chini ya mti: mrefu ndio ulio karibu na wingu, nayo radi ikishuka humwagika ardhini pande zote. Ng'ombe hufa wengi hapo, kwa kuwa miguu yao ya mbele na ya nyuma imeachana sana, na umeme hupanda kwa mguu huu na kushuka kwa ule. Toka majini, shuka kilimani, acha jembe. Na wenye shule wafikiri juu ya fimbo ya chuma ya Franklin, iwekwayo juu ya paa na kuunganishwa kwa waya mnene wa shaba mpaka chini ardhini, ili umeme upate njia yake.

Aliyepigwa na radi hana umeme uliobaki mwilini. Mshikeni bila hofu. Kama hapumui, mkandamizeni katikati ya kifua kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mkitafuta njia ya kumfikisha hospitali. Wengi wangepona kama wasingeogopwa.

Neno la mwisho. Wako wasemao kwamba radi hutumwa na adui, na kwa ajili ya neno hilo wazee wasio na kosa wameteswa. Lakini ninyi mmeona kwa macho yenu: karatasi haikuulizwa jina lake, ilivutwa kwa sababu ilikuwa karibu. Wingu nalo halina hasira na mtu. Nendeni mkawaonyeshe jirani zenu kitana na karatasi, nao wahukumu wenyewe. Tahadhari kabla ya hatari. Kwaherini.