Raundi ya Gofu kwa Bei ya Punguzo: Hesabu Gharama Yote Kabla ya Kulipa



Gofu si mchezo wa wanachama wa vilabu pekee. Viko viwanja nchini Kenya vinavyompokea mtu yeyote aliyelipa ada ya siku, na baadhi yavyo hutangaza punguzo kwa saa zisizo na wachezaji wengi, hasa alasiri za katikati ya wiki. Punguzo la namna hiyo ni halali na linaweza kumfaa mteja. Swali ambalo ningependa tulitafakari leo ni moja tu: kilichopunguzwa bei ni nini?

Kwa kawaida, kinachopunguzwa ni ada ya kiwanja, yaani malipo ya ruhusa ya kucheza. Malipo ya kedi anayebeba fimbo, kodi ya fimbo zenyewe na kodi ya kigari hubaki vilevile. Katika kiwanja tambarare, mtu mwenye fimbo zake anaweza kuepuka sehemu kubwa ya malipo hayo. Katika kiwanja chenye vilima hali ni tofauti. Raundi ya mashimo 18 ni mwendo wa kilomita 8 hivi. Katika nyanda za juu kama Limuru, Kericho au Nandi Hills, ambako hewa ni nyepesi, kupanda na kushuka mwendo wote huo huku mfuko umeulemea mgongo ni kazi nzito. Hapo kedi na kigari si anasa tena.

Tuchukue mfano wa kubuni. Ada ya kiwanja ni shilingi 3,000, nayo imepunguzwa kwa asilimia 40 hadi 1,800. Kedi ni 1,000, kukodi fimbo ni 1,500, na kigari ni 2,500. Mteja atalipa jumla ya shilingi 6,800. Bila punguzo angelipa 8,000. Asilimia 40 iliyotangazwa imekuwa asilimia 15 mfukoni mwake.

Jambo la pili ni saa. Kwetu karibu na ikweta, jua huchwa takriban saa kumi na mbili na nusu jioni mwaka mzima. Hatuna jioni ndefu za kiangazi kama za Ulaya. Anayeanza saa tisa alasiri ana saa tatu na nusu za mwanga. Ikiwa vilima vinamfanya atumie dakika 15 kwa kila shimo, giza litamkuta amemaliza mashimo 14. Shilingi 6,800 kwa mashimo 14 ni takriban 486 kwa shimo. Shilingi 8,000 kwa mashimo 18 ni takriban 444. Wahenga walisema rahisi ghali, na hapa hesabu inawaunga mkono.

Sheria iko upande wa mteja anayetaka kujua. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na huduma, iwe inatolewa na taasisi ya umma au na mtu binafsi. Sheria ya Ushindani ya 2010 inakataza maelezo ya uongo au ya kupotosha kuhusu bei. Aidha, inamzuia mtoa huduma kutoza ada ambayo mteja hakujulishwa mapema, kwa jina lolote iitwalo.

Basi, kabla ya kulipa, uliza:

1. Je, bei hii inajumuisha kedi, fimbo na kigari, au ni ada ya kiwanja tu?
2. Je, kedi au kigari ni lazima katika kiwanja hiki?
3. Nikianza saa hii, je, wachezaji wa kawaida humaliza mashimo 18 kabla ya giza? Kama sivyo, ipo bei ya mashimo 9?
4. Mvua ikikatiza mchezo, au vigari vikizuiwa kwa sababu ya utelezi, nitarudishiwa nini?

Omba majibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu. Hifadhi tangazo na risiti. Ukitozwa ada usiyojulishwa, mweleze kwanza msimamizi wa kiwanja. Asipokusikiliza, wasilisha malalamiko yako pamoja na ushahidi huo kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Punguzo la kweli haliogopi maswali.