Kinachotoka Kisimani na Kinachotoka Mzingani: Mafuta ya Kupaka na Mishumaa ya Nyumbani

Mada iliyowasilishwa mbele ya wakazi na vikundi vya wajasiriamali katika mkutano wa kata



Karibu kila nyumba ina kopo la mafuta mgando na mshumaa mmoja au miwili iliyowekwa akiba kwa usiku ambao umeme utakatika. Vitu hivyo vimezoeleka kiasi kwamba ni nadra mtu kuuliza vimetokana na nini. Aghalabu watu hushangaa wanapoelezwa kuwa viwili hivyo ni ndugu wa baba mmoja. Vyote hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, yale yale yanayotoa petroli, dizeli, mafuta ya taa na lami ya barabara.

Suala hili linawahusu wakazi kwa namna ya pekee. Miongoni mwa vikundi vinavyopata mikopo isiyo na riba, ile inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya Halmashauri kwa ajili ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, vimo vinavyotengeneza mafuta ya kupaka na mishumaa. Makopo yanayobandikwa neno "asilia" huuzwa kwa bei ya juu kidogo, na mnunuzi hukubali kulipa kwa sababu ya neno hilo. Iwapo ndani ya kopo hamna kingine ila mafuta mgando yaliyonunuliwa kwa ndoo, yakayeyushwa na kutiwa rangi na manukato, basi mnunuzi amelipia neno tupu. Siku atakapogundua, hatarudi. Na mkopo hurejeshwa kwa fedha za wateja wanaorudi.

Asili ya mafuta mgando na parafini

Mwaka 1859, mkemia Robert Chesebrough alifika Titusville, katika jimbo la Pennsylvania nchini Marekani, ambako uchimbaji wa mafuta ndiyo kwanza ulikuwa umeanza. Aliwakuta wafanyakazi wakisumbuliwa na utando mzito ulioganda kwenye mitambo ya visima. Waliuchukia kwa kuwa ulikwamisha kazi, lakini walipojikata au kuungua, waliupaka kwenye jeraha. Chesebrough aliuchukua utando huo, akausafisha hadi ukawa mweupe usio na harufu, na mwaka 1872 akapata hataza ya bidhaa aliyoiita Vaseline.

Parafini, yaani nta ngumu nyeupe inayotumika katika mishumaa mingi ya dukani, nayo ilienea katika karne hiyo hiyo ya 19. Kabla yake, watu wa Ulaya waliwasha mishumaa ya mafuta ya wanyama, iliyonuka na kutoa moshi, au ya nta ya nyuki, ambayo wenye uwezo ndio walioimudu. Parafini ilikuwa rahisi kwa bei, haikuwa na harufu, na ilipatikana kwa wingi kadiri visima vilivyoongezeka. Kwa sababu hizo ilishinda sokoni, na hadi leo ndiyo inayotawala.

Je, ni sumu?

Hapa pana haja ya kusema kweli, kwa kuwa maneno mengi yanazunguka mitaani. Mafuta mgando yaliyosafishwa kikamilifu si sumu kwa ngozi. Kazi yake ni kuweka utando juu ya ngozi ili maji yaliyomo yasipotee. Hospitalini hutumika kwa ngozi kavu na kwa watoto wenye pumu ya ngozi, kwa kuwa hayana manukato na ni nadra kuwasha. Mzazi aliyeelekezwa na daktari kuyatumia asiyatupe kwa sababu ya mada hii.

Tofauti hutokana na usafishaji. Mafuta ya madini ambayo hayajasafishwa, au yamesafishwa kidogo tu, yameorodheshwa na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani. Yale yaliyosafishwa sana hayamo katika kundi hilo. Kwa hiyo hatari imo katika bidhaa isiyojulikana ilikotoka: ndoo isiyo na lebo, isiyo na jina la mtengenezaji wala tarehe. Kikundi kinachonunua malighafi ya namna hiyo kwa kufuata bei ya chini hakijui kinawapaka wateja wake nini.

Yapo makosa mengine ya nyumbani. Mafuta ya taa hayafai kupakwa kichwani kuua chawa wala mwilini kutibu upele. Huunguza ngozi, na mtoto akiyameza au kuyapalia, mapafu yake huweza kudhurika vibaya. Mafuta mgando nayo yasijazwe ndani ya pua za mtoto kila siku, kwa kuwa yakiteremka hadi mapafuni huweza kuleta ugonjwa. Jeraha la moto hutangulizwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha zahanati.

Mafuta mgando hayazuii jua, na mafuta ya nazi pia hayatoshi kwa kazi hiyo. Watu wenye ualbino wanahitaji mafuta maalumu ya kukinga jua, kama yale yanayotengenezwa Moshi katika hospitali ya KCMC kwa jina la Kilisun, pamoja na kofia pana na nguo za mikono mirefu. Asitokee mwuzaji akamwambia mzazi wa mtoto mwenye ualbino kwamba kopo la asilia linatosha.

Sababu za kuchagua vinavyotoka shambani na mzingani

Ikiwa mafuta mgando yaliyosafishwa si sumu, kwa nini basi mtu ayaepuke? Sababu ya kwanza ni fedha. Mafuta ghafi huchimbwa na kusafishwa mbali, na kila kopo linaponunuliwa, sehemu kubwa ya bei hurejea huko. Nazi za Pwani, Tanga na Mafia, alizeti ya Singida, ufuta, nyonyo na nta ya nyuki ya misitu ya miombo ni mali ya mkulima na mfugaji nyuki wa hapa nchini. Tangu enzi za Wajerumani, nta ilikuwa miongoni mwa bidhaa zilizosafirishwa kutoka Tabora na maeneo jirani kwenda ng'ambo. Hata hivyo, wako warina asali ambao hadi leo hukamua asali na kuyatupa masega.

Sababu ya pili ni kwamba mafuta ghafi, yakishachomwa au kutumika, hayaoti tena. Mnazi huzaa mwaka hadi mwaka, na nyuki hujenga sega upya mradi msitu upo. Mwenye mizinga ana sababu ya kuulinda msitu dhidi ya moto na mkaa.

Sababu ya tatu ni uaminifu. Aliyelipia asili apewe asili.

Kusoma lebo

Kopo la dukani huandikwa viambato vyake kwa majina ya kimataifa, kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo. Majina Petrolatum, Paraffinum Liquidum, Mineral Oil, Paraffin na Cera Microcristallina yote huonyesha asili ya kisimani. Cera Alba ni nta ya nyuki. Cocos Nucifera ni nazi, Helianthus Annuus ni alizeti, Sesamum Indicum ni ufuta, Ricinus Communis ni nyonyo, na Butyrospermum Parkii ni shea, mti unaomea kaskazini mwa Uganda. Kopo lenye picha ya nazi upande wa mbele, ilhali Petrolatum imeandikwa ya kwanza na nazi ya mwisho, lina nazi ya kunukia tu.

Kutengeneza kwa njia salama

Masega yaliyokamuliwa huoshwa, hutiwa katika sufuria yenye maji na kuchemshwa kwa moto mdogo. Nta huyeyuka, ikachujwa kwa kitambaa safi na kuachwa ipoe. Huelea na kuganda juu ya maji, uchafu ukibaki chini. Nta halisi hunukia asali na hulainika inapokandwa mkononi. Ile isiyo na harufu na inayoteleza kama sabuni huenda imechanganywa na parafini, na mnunuzi ana haki ya kuihoji.

Kwa mafuta ya kupaka, gramu 20 za nta na gramu 80 za mafuta ya mimea hutosha kwa kuanzia. Mchanganyiko huyeyushwa katika chombo kilichowekwa ndani ya sufuria yenye maji ya moto, kamwe si juu ya moto wenyewe. Mafuta ya nazi huyeyuka katika nyuzi joto 24 hivi, ndiyo maana peke yake hugeuka maji mchana wa joto. Nta, ambayo huyeyuka katika nyuzi 62 hadi 64, ndiyo inayoyashikilia. Tone moja likipozwa kwenye kijiko huonyesha iwapo nta iongezwe.

Maji yasiingie katika kopo, kwa kuwa ukungu na vijidudu hufuata. Mafuta ya mimea huharibika na kutoa harufu kali yakikaa sana, jambo ambalo mafuta mgando hayana. Hivyo kila kopo liandikwe tarehe, litengenezwe dogo, na lihifadhiwe mahali pa baridi pasipo mwanga. Hata kitu cha asili huweza kumwasha mtu. Kipakwe kwanza kidogo ndani ya mkono na kungojewa siku nzima.

Mshumaa wa nta ya nyuki ni ghali kuliko wa parafini na huhitaji utambi mnene zaidi. Kikundi kisiuahidi kuwa usio na moshi, kwa sababu kila kinachowaka hutoa moshi. Masizi hupungua utambi unapokatwa ubaki na urefu wa milimita 6 hivi na mshumaa ukiwekwa mbali na upepo. Nta iliyoshika moto isimwagiwe maji. Hufunikwa kwa kifuniko. Vivyo hivyo, nguo na shuka zilizolowa mafuta ya kupaka, yawe ya kisimani au ya shambani, hushika moto upesi, na mshumaa usiachwe ukiwaka karibu na kitanda.

Wajibu wa kila upande

Tangu mwaka 2019, usajili wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Kikundi kinachotaka kuuza nje ya kijiji kianze safari hiyo mapema, na SIDO hutoa mafunzo ya utengenezaji na ufungashaji. Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata ndiye mlango wa kwanza wa kubisha, na Afisa Nyuki ataelekeza namna ya kupata nta safi. Ikumbukwe pia kuwa hatari kubwa kwa ngozi za wakazi haimo katika kopo la mafuta mgando, bali katika mkorogo wenye zebaki, haidrokwinoni na dawa kali za steroidi. Hakuna kikundi kinachopaswa kuukaribia.

Mrina asali asitupe masega. Mwanakikundi aandike kwenye kopo kila alichokitia ndani, hata kama ni mafuta mgando, kwa kuwa kuyatumia si kosa; kosa ni kuyaficha. Mnunuzi naye ageuze kopo, asome nyuma kabla ya kulipa. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kopo lililotengenezwa kwa haki halitahitaji kupakwa maneno matamu, na mkopo uliochukuliwa kwa ajili yake utarejea ili kikundi kingine nacho kipate zamu yake.