Watu Watano Chumbani

Mwaka mmoja nilipasuliwa hospitalini. Msiniulize ni wapi mwilini, maana hata kazini sikusema. Mkubwa wangu alipata barua ya daktari. Mke wangu na mzee mmoja wa kanisa walijua yote. Wengine niliwaambia tu kwamba nitakuwa nyumbani majuma matatu.

Rafiki yangu aliposikia baadaye, alikuja amenuna. “Ndugu, mbona ulinificha?” Nusura nimdanganye kwamba nilikwenda matangani.

Nikakumbuka Marko 5. Bwana Yesu alipofika kwa Yairo aliwatoa nje wote waliokuwa wakilia. Akaingia na baba, mama, Petro, Yakobo na Yohana. Watano tu! Binti alipofufuka, Bwana akawakataza wasieneze habari hiyo, akaagiza apewe chakula. Hakuwaagiza waseme uongo.

Basi nikamwambia, “Nilipasuliwa, nikaona haya. Mengine niachie.” Akanyamaza kitambo. Kisha akauliza, “Unaweza kula?” Jioni ile akarudi na uji, wala hakuuliza neno lingine.