Surua Haizuiwi kwa Doria



Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, yatazamana na Kongo. Huko Kongo, surua ya mwaka 2019 na 2020 iliua zaidi ya watu 6,000, wengi wao watoto. Doria ziwani huzuia mtumbwi wa magendo, wala haizuii ugonjwa uenezwao kwa pumzi.

Ngome yake ni chanjo. Zambia huitoa mtoto atimizapo miezi 9, kisha miezi 18, kwani dozi moja huwaacha baadhi ya watoto bila kinga.

Familia za askari huhamahama. Basi amri ya uhamisho ifikapo, kadi ya kliniki isafiri pamoja na mtoto. Dozi ya pili isipotolewa, lango limeachwa bila mlinzi.