Kufunga Moduli katika Ruta ya Ofisi ya Chama

Maelezo kwa makatibu na makarani wa vyama vya msingi



Wazee wa Usukuma wanajua kwamba ushirika wa pamba ulizaliwa mizanini. Wakulima walipochoka kupunjwa na wanunuzi waliweka wapimaji wao wenyewe, na mwaka 1955 vyama vyao vikaunganishwa katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Leo, katika ofisi nyingi, hesabu za mkulima hutunzwa na kompyuta, nazo husafirishwa kwa njia ya ruta. Ruta, basi, ni mizani ya pili. Ikiharibika siku ya malipo, mkulima hurudi nyumbani mikono mitupu, na shaka ya zamani huamka.

Moduli ni kadi inayochomekwa katika nafasi maalumu ya ruta ili kuiongezea milango, kwa mfano mlango wa faiba. Kazi hii si ngumu, lakini ina adui asiyeonekana, yaani umeme tuli. Umeme huo hujikusanya mwilini mtu atembeapo au nguo zisuguanapo. Kwa kawaida mtu hauhisi mpaka ufikie kiasi cha volti 3,000, hali baadhi ya sehemu za kadi huumia kwa volti zisizofika 100. Tena kadi iliyojeruhiwa yaweza kufanya kazi kwa majuma kadhaa, ndipo ife.

Yafaa ikumbukwe kwamba msimu wa kununua pamba huangukia kiangazi, wakati hewa ni kavu na umeme tuli huzidi. Shinyanga ina vumbi la barabara na la pamba. Geita ina vumbi la makarasha yasagayo mawe ya dhahabu. Kwa hiyo hapana budi kufuata utaratibu huu:

Kwanza, fundi asome kitabu cha ruta na kuhakikisha kwamba kadi ni ya aina inayokubaliwa.

Pili, azime ruta na kuchomoa nyaya zote za umeme, kwani nyingine zina mbili. Waya wa ardhini wa ruta usifunguliwe. Radi ikinguruma, kazi iahirishwe.

Tatu, avae mkanda wa mkononi wa kuondoa umeme tuli, uliofungwa kwenye chuma cha ruta kisichopakwa rangi. Ndipo aitoe kadi mfukoni mwake, akiishika kingoni bila kugusa meno yake.

Nne, afungue kifuniko cha nafasi na kukitunza. Kadi iingizwe taratibu katika reli zake. Ikikataa, itolewe na kuanzwa upya, isilazimishwe. Skurubu zikazwe kwa zamu.

Tano, asichungulie kamwe ncha ya faiba. Mwanga wake hauonekani, nao huweza kudhuru jicho.

Nafasi iliyo tupu isiachwe wazi, maana huingiza vumbi na kuvuruga upepo unaopoza mashine.

Mwisho, umeme urudishwe, taa za kadi zitazamwe, na tarehe, namba ya kadi na jina la fundi viandikwe katika daftari la mali mbele ya karani. Mizani ya wakulima ilisomwa mbele ya mashahidi. Ruta nayo istahili vivyo hivyo. Mali ya chama ni jasho la wanachama.