Msanifu Akipewa Mji

Ndugu msikilizaji, juma hili nataka tuzungumze habari za Jaime Lerner wa Brazili, msanifu wa majengo aliyehitimu mwaka 1964, kisha akaingia katika siasa.

Mwaka 1971 alipewa umeya wa Curitiba, mji aliozaliwa. Nasema alipewa, kwa maana nchi ilikuwa chini ya wanajeshi na wananchi hawakumpigia kura. Mwaka 1972 aliamua mtaa mkuu wa maduka uachiwe waendao kwa miguu. Wenye maduka wakalalamika: bila magari, wateja watatoka wapi? Lerner hakutaka malumbano. Ijumaa jioni mafundi waliingia kazini, na baada ya saa 72 mtaa ulikuwa tayari. Wenye magari walipotishia kuupita kwa nguvu, walikuta karatasi ndefu zimetandazwa chini na watoto wanachora picha. Haukupita muda, wenye maduka wenyewe wakaona biashara imechangamka.

Mji haukuwa na fedha za treni ya chini ya ardhi. Basi mwaka 1974 mabasi yakatengewa njia yao katikati ya barabara, na mwaka 1991 vikaja vituo ambamo abiria hulipa nauli kabla ya kupanda. Wewe uliyepanda mwendokasi wa Dar es Salaam, ulioanza mwaka 2016, umeonja tunda la mti huo.

Mwaka 1988 wananchi walimchagua meya, safari hii kwa kura zao. Tangu 1995 hadi 2002 akawa gavana wa jimbo la Paraná. Huko mambo yakawa mengine. Mtaa waweza kuufunga Ijumaa ukaufungua Jumatatu. Jimbo zima haliendeshwi hivyo. Benki ya jimbo iliuzwa mwaka 2000. Mwaka uliofuata alitaka kuuza na shirika la umeme. Wananchi wakaja juu, na mauzo yakakwama.

Lerner alifariki Mei 2021, akiwa na umri wa miaka 83. Mabasi yake yangali yanapita.

Ndugu msikilizaji, mtaalamu tusimnyime uongozi. Lakini mtaa ukikosewa hubomolewa ukajengwa upya, na mali ya umma ikishauzwa ni shida kuirudisha. Basi anayetaka kutujengea nyumba, na atuulize kwanza sisi tutakaolala ndani.

Hadi juma lijalo, kwaheri.