Neno Ajira na Mfanyakazi Asiyehesabiwa

Utafiti wa masuala ya kazi umekuwa na makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu miaka ya mwanzo ya chuo hicho. Mwaka 1970 John Iliffe alichapisha historia ya makuli wa bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 1976 Issa Shivji alitoa kitabu chake juu ya mapambano ya kitabaka nchini Tanzania, na miaka 10 baadaye kingine juu ya sheria, dola na tabaka la wafanyakazi. Ni kazi zenye uzito, na zote ziliandikwa kwa Kiingereza. Makuli na wafanyakazi wa viwandani waliosimulia habari zao kwa Kiswahili hawakupata kusoma kilichoandikwa juu yao.

Mkoa wa Pwani uliwahi kujaribu njia nyingine. Kuanzia mwaka 1975, katika wilaya ya Bagamoyo, mradi wa Jipemoyo uliounganisha Wizara ya Utamaduni ya Tanzania na watafiti wa Finland, akiwamo Marja-Liisa Swantz, ulijengwa juu ya wazo la utafiti shirikishi, yaani wanakijiji wanashiriki kuuliza na kujibu. Hata huko, hata hivyo, sehemu kubwa ya maandishi yaliyosambaa duniani ni ya Kiingereza.

Je, lugha ya utafiti ina uzito gani kwa mfanyakazi mwenyewe? Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 unatoa jibu la sehemu. Waraka huo uliandikwa kwa Kiswahili, nao ulikemea viongozi wenye kiburi na dharau. Wafanyakazi waliusoma, wakautumia kama hoja mbele ya mameneja wao katika migomo iliyofuata hadi mwaka 1973.

Msamiati wa kazi katika Kiswahili ni mkubwa, na kila neno lina historia yake. Kibarua ni barua ndogo, cheti alichopewa mtu wa kutwa. Katika karne ya 19 hata watumwa waliokodishwa kwa ujira waliitwa vibarua, na bwana zao walichukua fungu la malipo. Manamba ni namba ya mtu katika shamba la mkonge. Kipande kwa Mtanganyika kilikuwa kadi ya siku 30 za kazi. Kwa Mkenya kilikuwa kitambulisho alicholazimishwa kutembea nacho. Inafurahisha kuona kwamba hata kocha wa mpira mwenye mshahara mnono, akifukuzwa, magazeti husema kibarua chake kimeota nyasi.

Neno ajira nalo lina asili ya Kiarabu, lenye maana ya malipo ya kazi. Kwa asili hiyo, kila anayelipwa kwa kumfanyia mwingine kazi yumo ndani yake. Matumizi ya leo yamelifinya. Mtu akisema amepata ajira, anayesikia anaelewa barua ya uteuzi, mshahara wa mwezi na makato ya pensheni.

Ufinyu huu umeleta hasara inayopimika. Matteo Rizzo, Blandina Kilama na Marc Wuyts, katika makala yao juu ya takwimu za sekta isiyo rasmi, walirudi kwenye hojaji ya Kiswahili iliyotumika katika utafiti wa nguvukazi wa Tanzania wa mwaka 2006. Waliona kwamba namna maswali yalivyotafsiriwa iliibana kazi ya ujira katika kazi rasmi peke yake. Aliyebaki nje ya hapo aliangukia kundi la waliojiajiri. Utafiti wa Rizzo juu ya daladala za Dar es Salaam ulikuwa umeonyesha hali tofauti: madereva na makondakta walio wengi mno hawana basi. Wanampelekea mwenye basi hesabu ya siku, na kinachobaki baada ya mafuta ndicho chao. Kuwaita waliojiajiri ni kumfanya mwenye basi asionekane.

Chukuliwe mfano wa Sofu, kata iliyo Kibaha, mji ulio kando ya barabara ya Morogoro, yapata kilomita 40 kutoka Dar es Salaam. Kijana anayefyatua matofali kwenye kiwanja cha mtu, kwa mashine ya mtu na saruji ya mtu, akiulizwa kama ameajiriwa atajibu bila kusita: "Hapana, najitafutia tu." Jibu ni la kweli kwa Kiswahili chake. Kosa ni la swali. Angeulizwa mashine ni ya nani, nani anapanga bei ya tofali moja, na asipokuja kesho nani atamuuliza, picha nyingine kabisa ingejitokeza. Maswali hayo hayatungwi ofisini. Yanatoka kwa watu wa Sofu wenyewe wanapoelezana kazi zao.

Sheria iko karibu zaidi na kijana huyu kuliko hojaji. Kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004 kinamchukulia mtu kuwa mfanyakazi, vyovyote mkataba ulivyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo kadhaa: kazi yake inasimamiwa na mwingine, vifaa anapewa, anamtegemea kiuchumi anayemfanyia kazi, au amemfanyia kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Haki hii ilitungwa kwa Kiingereza, na wanaoihitaji zaidi ndio wasiojua kwamba inawahusu.

Tangu sheria Na. 1 ya mwaka 2021 ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, watafsiri wana uamuzi wa kufanya katika kila kifungu cha namna hii. Jina la Kiswahili lililozoeleka la sheria mwenza ya mwaka huo wa 2004, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, tayari linaanza na neno lililofinywa. Ndani ya kifungu, mtafsiri akiandika mwajiriwa, kijana wa Sofu atamfikiria mwalimu wa shule na karani wa benki. Akiandika mfanyakazi, huenda akasikia anatajwa yeye.